Majimoto Wafanye Kazi, Sifa Uchukue Wewe

Tuelewane mapema, mwenzangu. Hutaki kufanya kazi, na mimi sikulaumu. Shamba la mikorosho lina mengi ya kumchosha mtu: kuna kupogoa, kuna salfa, kuna palizi, kuna kuinama kuokota kuanzia Oktoba mpaka kiuno kianze kulalamika. Juu ya hayo yote yupo mbu wa mikorosho, mdudu mwembamba anayefyonza machipukizi mpaka yaote mabaka meusi na ncha za matawi zikauke. Yupo pia kunguni wa kahawia anayechoma korosho changa zikasinyaa kabla hazijajaa. Wenzako wanapambana nao kwa kubeba mashine mgongoni na kununua sumu kila msimu. Wewe nakushauri uajiri vibarua.

Vibarua hao wapo tayari. Wako kwenye mwembe nyuma ya nyumba, kwenye mlimau karibu na jiko, pengine kwenye mchungwa wa jirani. Hawadai posho, hawaombi ruhusa ya msiba, na kundi lao likikomaa linaweza kufika vichwa laki tano. Ni majimoto, wale chungu wekundu wa mtini ambao umekuwa ukiwalaani tangu utotoni. Mwongozo huu unakuonyesha namna ya kuwatambua, kuwabeba ukoo mzima, kuwapangisha kwenye mikorosho yako, kisha kusimama mbele za watu ukapokea pongezi. Unafaa Masasi kwenye milima ya mawe, unafaa Newala juu ukingoni, na unafaa zaidi huko juu kwenye Uwanda wa Makonde. Kupuliza sumu ya maji kunahitaji maji, na hakuna Mmakonde anayehitaji kuelezwa bei ya ndoo ya maji kiangazi.

1. Jifunze chungu wachache tu, utaitwa mtaalamu

Watu wengi huwakanyaga chungu bila kuwatazama. Ndiyo maana ukiwajua wanne au watano kwa sura, kijiji kizima kitakuja kukuuliza. Hii ndiyo njia fupi kuliko zote za kupata heshima, kwa hiyo usiiruke.

Anza kwa kumtoa mchwa kwenye orodha. Mchwa si chungu. Ukoo wake uko karibu na mende, na dalili ni rahisi: chungu ana kiuno chembamba na papasi zilizopinda kama kiwiko, mchwa hana kiuno na papasi zake zimenyooka. Hata kumbikumbi wanaotoka mvua ikinyesha utawatambua kwa mabawa. Yao yote manne yana urefu sawa, ilhali chungu mwenye mabawa ana ya mbele marefu kuliko ya nyuma. Ukilitamka hili mbele ya wazee huku umemshika kumbikumbi mkononi, umeshamaliza nusu ya kazi.

Siafu unamjua kwa msafara. Hana nyumba ya kudumu na huhama na watoto wake mdomoni, kwa hiyo usijaribu kumkusanya. Siku akiingia ndani, toa mtoto mchanga kwanza, kisha wazee na wagonjwa, fungulia mbuzi na kuku walioko bandani, halafu mwachie nyumba. Mende, nge na panya waliojificha darini watashughulikiwa bila wewe kushika ufagio, na akiondoka unarudi kwenye nyumba safi. Hapa kuna siri ndogo ya kumwonyesha mgeni. Lile dude la kahawia lenye tumbo refu nene linalojigonga kwenye taa usiku, ambalo watoto hulikimbia wakidhani ni nyigu, ni siafu dume. Halina mwiba. Lishike tu, watu watashangaa.

Sungusungu ni mweusi, mkubwa, anauma kwa mwiba, na hutembea kwa safu akienda kuvamia mchwa. Watafiti waliomchunguza Kodivaa walichapisha mwaka 2017 kwamba akirudi kutoka vitani huwabeba wenzake waliojeruhiwa mpaka nyumbani. Kama nyumba yako ni ya miti na udongo, mwache aishi karibu na ukuta. Anakulindia nguzo zisiliwe, na miaka ya 1980 Wasukuma walipounda vikosi vya ulinzi wa jadi waliona jina lake linawatosha.

Sisimizi wa sukarini mpite tu. Ila mwekee alama mmoja mdogo wa kahawia anayeishi ardhini, ambaye askari wake wana vichwa vikubwa mno kwa miili yao. Huyo ni adui wa majimoto. Tutarudi kwake.

Sasa majimoto mwenyewe. Rangi yake ni nyekundu inayoelekea kahawia, miguu mirefu, kiuno chembamba kabisa, na ukimkaribia hakimbii. Anasimama, anainua kichwa, anafungua taya. Hana mwiba: huuma kwa taya kisha hunyunyizia tindikali kwenye jeraha, na hapo ndipo utajua kwa nini anaitwa hivyo. Nyumba yake ni majani mabichi ya mti yaliyoshonwa pamoja kwa hariri nyeupe. Tafuta wakati wa kutazama wakishona, hutajuta. Vibarua hujipanga mstari na kuvuta kingo za majani mawili mpaka zikutane, kisha wengine huja wakiwa wamebeba viluwiluwi wao mdomoni na kuwapitisha huku na huku juu ya mwanya, maana uzi wa hariri hutoka kwa watoto. Hakuna fundi wa Masasi anayeshona hivyo.

2. Pima mpaka kabla hujapanda mti

Kosa linaloharibu kazi ya wengi ni kuchanganya makundi. Wanaona viota kwenye mwembe na viota kwenye mchungwa, wanavikata vyote, wanavitia kwenye kiroba kimoja. Wakifika shambani wamebeba maiti. Majimoto wa makundi mawili hawapatani hata kidogo. Kila kundi lina harufu yake, na mgeni huuawa papo hapo.

Njia ya mkato ipo, na haichukui muda. Chukua kijiti, waache chungu kadhaa wa mti wa kwanza wakipande, kisha kipeleke kwenye njia ya chungu wa mti wa pili. Wakigusana papasi na kupishana, ni ndugu. Wakishikana miguu na kuvutana, ni mahasimu, na mpaka uko hapo katikati. Rudia mti kwa mti mpaka upate ramani. Kundi moja kubwa linaweza kuwa na viota zaidi ya mia moja vilivyotapakaa kwenye miti mingi, kwa hiyo usishangae ukoo mmoja ukianzia nyuma ya choo na kuishia karibu na barabara.

Chora ramani hiyo kwenye daftari. Daftari mkononi humfanya mtu yeyote aonekane ametumwa na serikali, na utakuwa umefanya kazi ya kweli pia.

3. Mwendee mjomba kwa adabu

Mwembe wenye majimoto wengi mara nyingi si wako. Kwetu huku, kwa Wamakonde, Wamakua na Wayao, mti mzuri una mjomba wake. Usiende na kiroba mkononi. Nenda asubuhi, kaa, salimia.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Habari za nyumbani?"

"Nzuri, mjomba. Nimesikia majimoto wa mwembe wako wanawauma watoto wakipanda."

"We acha tu. Jana mmoja alinishukia mgongoni."

"Nikuondolee?"

Umemaliza. Utapewa ngazi, utapewa kijana wa kukusaidia, na pengine utaondoka na chakula. Hujamdanganya, kwa sababu shida yake ni ya kweli na unaiondoa. Lakini akikuuliza unawapeleka wapi, mwambie. Kama naye ana mikorosho na akataka kubaki nao, mwachie, kisha mfundishe ulichojifunza. Mjomba anayejua jambo hili atakufaa zaidi kuliko mwembe wake.

4. Malkia, au njia mbili za kumpata bila kuumwa sana

Hapa ndipo mambo yote yalipo, na hapa sitaki uharakishe. Kundi lililokomaa lina malkia mmoja, naye hukaa kwenye kiota kimoja kati ya vile vyote. Ukibeba viota hamsini ukakiacha kile kimoja, umebeba vibarua wasio na kesho. Vibarua wanaweza kutaga, lakini mayai yao hutoa madume tu, na dume hafanyi kazi ya ulinzi. Kundi hilo litaishi miezi kadhaa, kisha litaisha.

Kukitafuta kiota hicho si mchezo. Watafiti wetu wamefanya utafiti mahususi wa namna ya kukipata kwenye mashamba ya mikorosho, kwa hiyo usijione mjinga ukikikosa mara ya kwanza. Njia ya mkato ya mtu mvivu ni hii: usichague. Kwa kuwa tayari una ramani ya kundi zima, kata viota vyote vya ukoo huo ndani ya siku moja, hata vile vidogo vya juu kabisa ambavyo kijana wako atakuambia havina kitu. Malkia yumo humo humo. Ukibahatika kumwona utamtambua bila kuuliza, kwa sababu ni mkubwa kuliko vibarua mara kadhaa, ana tumbo nene, na walinzi wamemzunguka.

Njia ya pili ni ya ujanja zaidi, na mimi naipenda. Subiri masika. Wakati wa mvua, malkia wachanga wenye mabawa huruka kwenda kupandwa, kisha hushuka, hukata mabawa yao na kutafuta pa kujificha. Pahali wanapopapenda ni ndani ya jani lililojikunja. Basi wakunjie! Chukua majani mabichi ya mchungwa au mwembe, yakunje mviringo, yafunge kwa uzi, na uyaache mtini. Watafiti hapa Tanzania wametega malkia kwa majani ya kukunja, na wamepata. Kila asubuhi pita na kuchungulia. Ukimkuta mmoja, mtoe taratibu pamoja na jani lake, mweke ndani ya chupa ya plastiki yenye matundu madogo, kivulini, na tone la maji. Hahitaji chakula, kwa sababu huwalea watoto wake wa kwanza kwa akiba iliyomo mwilini. Ukiwakuta wawili watatu wamekaa pamoja, watenganishe, kila mmoja kwenye chupa yake. Malkia wachanga wa majimoto wa Afrika wakiwekwa pamoja wanaweza kupigana mpaka kufa.

Sasa sikiliza ujanja mkubwa kuliko wote. Malkia mchanga peke yake huchukua muda mrefu kuwa na jeshi. Lakini pupa, yaani watoto weupe waliokwisha kulala wakisubiri kuwa chungu kamili, hawajapata harufu ya ukoo. Ukiwatoa pupa kwenye kiota cha kundi jingine kabisa na kumpa malkia wako, atawapokea, wataamka wakidhani ni mama yao, na wataanza kumfanyia kazi. Jambo hili limejaribiwa kwa majimoto wa Asia na kwa majimoto wa Benin, na makundi yaliyopewa watoto wa kambo yalikua upesi kuliko yaliyoachwa yenyewe. Kwa hiyo kile kiota cha mahasimu ulichokikataa kule kwenye hatua ya pili kina kazi. Vibarua wake waache, watoto wachukue.

Na hapa lazima nikuonye, kwa sababu najua tamaa. Ukishajua kumkamata malkia, kuna siku mtu atakuja na simu nzuri na kukuambia kwamba huko Ulaya na Asia watu huwafuga chungu ndani ya masanduku ya kioo na hulipa pesa nyingi kwa malkia mmoja. Ni kweli kwamba hulipa. Aprili 2025, katika Kaunti ya Nakuru nchini Kenya, vijana wawili wa Kibelgiji walikamatwa na chungu wapatao 5,000, wakiwemo malkia wa chungu wakubwa wavuna mbegu, ndani ya vichupa vyenye pamba. Walijitetea kwamba hawakujua kuwa ni kosa. Mei 7 mahakama ya Nairobi ilimtoza kila mmoja faini ya shilingi milioni moja za Kenya au kifungo cha miezi 12, na ikawatoza hivyo hivyo wengine wawili waliokutwa na mamia tu. Sisi nasi tuna sheria ya wanyamapori, na mipaka yetu ina wakaguzi. Zaidi ya sheria, kila malkia anayeondoka kwenye chupa ni ukoo mzima uliopotea kwenye shamba la mtu. Malkia wako apande mkorosho wako. Asipande ndege.

5. Siku ya kuhama

Chagua asubuhi yenye ubaridi, kabla jua halijawachangamsha. Paka mikono na mikono ya shati majivu ya jikoni, yatawafanya wateleze. Fungia suruali kwenye soksi. Usijali unavyoonekana, maana watu watadhani umevaa kitaalamu. Kijana wa juu akate tawi dogo lenye kiota kwa panga au kingoe, wewe wa chini ulipokee ndani ya kiroba cha kitambaa au cha katani na kufunga mdomo mara moja. Usitumie mfuko wa nailoni juani, watakufa kwa joto. Kama unasafirisha kwa bodaboda, funga mdomo wa kiroba mara mbili na umweleze dereva unachobeba. Dereva akiumwa shingoni kwenye mteremko wa Newala, hutakuwa na muda wa kueleza.

Shambani, kagua kwanza. Mkorosho unaouhamishia usiwe na majimoto wengine. Ning'iniza viota kwenye matawi yenye kivuli na majani mengi, vyote vya ukoo mmoja kwenye miti iliyo jirani, kisha ondoka. Usikae kuwasimamia. Kabla ya siku chache kupita watakuwa wameanza kushona majani ya mkorosho, na vile viota vya zamani vitakauka na kuachwa.

Fanya haya yote kabla mikorosho haijatoa machipukizi mapya, maana mbu wa mikorosho hufuata majani laini, na unataka akute askari wameshafika.

6. Kamba, dagaa na uvivu ulioidhinishwa

Sasa ni wakati wa kukaa kivulini, lakini kwa akili. Funga kamba kutoka mkorosho mmoja hadi mwingine, juu juu, ili majimoto wavuke bila kugusa ardhi. Kamba kuukuu yoyote inatosha. Usiunganishe tu mti wa ukoo huu na mti wa ukoo ule, utakuwa umejenga daraja la vita.

Wiki za mwanzo wape chakula. Kichwa cha dagaa, utumbo wa samaki au wa kuku, na maji yenye sukari kidogo kwenye kizibo. Chupa ndogo ya maji yenye kitambaa mdomoni huwatosha kiangazi, na huo ndio mgawo wote wa maji utakaowapa.

Kumbuka yule chungu mdogo wa ardhini mwenye askari wa vichwa vikubwa. Yeye ndiye huwafukuza majimoto kwenye minazi na michungwa. Msomi Mwingereza, Michael Way, aliyechunguza majimoto kwenye minazi ya Unguja mwanzoni mwa miaka ya 1950, alieleza vita hivyo vizuri, na kunguni anayeshambulia nazi na korosho amepewa jina lake. Miongo mingi baadaye, jina la Way lilionekana tena pamoja na la mtafiti wetu Seguni kwenye utafiti uliochapishwa mwaka 2011 kuhusu palizi katika minazi na michungwa ya Tanzania. Walichogundua kitakufurahisha. Pale nyasi zilipoachwa chini ya miti, chungu wa ardhini walipunguza ubabe na majimoto walistawi zaidi. Kwa maneno mengine, usilime chini ya miti mpaka udongo ubaki uchi. Acha nyasi, zifyeke tu Septemba ili korosho zinapodondoka uzione. Mke wako au mume wako akikuuliza kwa nini hujapalilia, jibu unalo, na lina tarehe.

Kuna mambo mawili majimoto hawafanyi, na usimwahidi mtu. Hawali ubwiriunga. Ule ukungu mweupe kwenye maua bado unahitaji salfa yako kwa wakati wake, kama kituo cha utafiti cha Naliendele kinavyofundisha. Na hawaachi kufuga: hulinda baadhi ya wadudu wadogo wafyonzao utomvu ili wakamue majimaji matamu kwao. Ukiona wadudu hao wanazidi kwenye tawi, kata tawi.

Jambo moja litakalowaua wote kwa siku moja ni sumu ya wadudu. Kama umeamua kuajiri majimoto, mashine ya sumu iende likizo kwenye miti hiyo. Huwezi kumlipa mlinzi na kumpiga risasi.

7. Namna ya kushindwa na heshima ikabaki

Utashindwa mara nyingine, na hilo lisikuvunje. Ukikosa malkia, usikiri haraka. Vibarua bado wanalinda kwa miezi kadhaa, na wakati mwingine miezi hiyo ndiyo ile ya machipukizi na maua. Msimu huo utauona mzuri. Masika ijayo tega majani ya kukunja, anzisha kundi jipya kwa malkia utakayemnasa, na utasema ulipanga hivyo tangu mwanzo. Utakuwa umesema kweli, kwa sababu sasa umeusoma mpango.

Wakihama wakarudi kwenye mwembe, usiwafuate na fimbo. Mti uliowapa pengine una majani machache au joto jingi. Hamishia ukoo mwingine kwenye mkorosho mnene zaidi.

Wakikuuma, na watakuuma, paka majivu au maji baridi, kaa kimya. Mtu anayepiga kelele shambani hupoteza cheo.

8. Kupokea sifa

Utafiti wa Mkoa wa Pwani uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba mikorosho yenye majimoto ilipata uharibifu mdogo wa mbu na kunguni kuliko isiyo nao. Matokeo yako yatafanana nao kama umefuata hatua. Na una bahati ambayo mchuma karafuu wa Pemba hana. Yeye hupanda mti na kukutana na majimoto uso kwa uso, lakini korosho huanguka zenyewe ukaziokota chini. Vibarua wako hubaki juu, wewe unabaki chini, na hakuna ugomvi.

Siku unapopeleka gunia lako kwenye chama cha ushirika, AMCOS, watu watauliza dawa gani umetumia. Usiseme "sijatumia kitu," watakuona mchawi. Sema "nimehamisha majimoto," kisha eleza hatua kwa hatua, pole pole, daftari likiwa wazi. Waambie kwamba Wachina walikuwa wakifanya hivi kwenye machungwa yao tangu zamani sana. Kitabu cha mimea ya kusini mwa China, ambacho kwa desturi hupewa mwaka 304, kinaeleza viota vya chungu vilivyokuwa vikiuzwa sokoni kwenye mifuko. Hapo bwana shamba mwenyewe atasogea karibu asikilize.

Halafu mgawie jirani kiota kimoja, pamoja na ramani ya mipaka. Sisemi hivi kwa ajili ya sifa tu, ingawa sifa zitakuja. Mbu wa mikorosho hajui mpaka wa shamba lako. Shamba moja lenye majimoto katikati ya mashamba kumi yanayopulizwa sumu litapoteza chungu wake upepo ukivuma, lakini mashamba kumi yenye majimoto yatajilinda. Vyama vikuu vya ushirika, TANECU huku Newala na MAMCU kule Masasi, vingeweza kulifundisha hili kwenye mikutano ya wakulima bila kununua hata chupa moja ya dawa, na mimi nawaomba walifundishe.

Basi usingoje mkutano. Kama mvua bado inanyesha, kunja majani leo jioni. Kama imekata, chukua kijiti na daftari uanze kupima mpaka kwenye mwembe ulio karibu nawe, na umalize kuhamisha kabla mikorosho haijachipua.